Debe la Supa

Asubuhi ya Jumanne iliyopita nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Utemini nikichambua mchele, gari la jirani likapita likipanda kamwinuko ka kuelekea barabara kuu. Ni gari la zamani sana, mwenyewe analiosha kila siku kama mtoto wa kwenda shule. Lilipoanza kuvuta mlima nikasikia ndani ya injini kisauti kikavu cha harakaharaka, kama punje za mtama zinazorukaruka kwenye kikaango. Wajukuu wangu hawakuinua hata vichwa. Mimi niliweka ungo chini. Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi, lakini niliijua palepale.

Nitawaeleza kwa nini, ingawa watoto wangu wenyewe sijapata kuwaeleza.

Baba yangu, Yeremia, alikuwa na gari. Leo hilo si jambo la kusimulia, lakini miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, huko kwetu bondeni chini ya Kilimatinde, mtu mweusi mwenye gari lake alikuwa kioja. Kabla ya uhuru baba alikuwa msaidizi wa mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akipima barabara, na yule Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia baba gari lake dogo la kijivu. Rangi ilikuwa imebanduka, na baba kila alipoona kutu alipaka doa la rangi nyeupe, hata gari zima likawa na madoadoa. Watu wakaliita Kanga, kwa jina la ndege, na kweli lilifanana naye, hasa likiwa linakimbia nyasini.

Tulipohamishwa kutoka kwenye tembe zetu zilizotawanyika tukapangwa kwenye kijiji kipya, nyumba zikiwa zimenyooka kama watoto mstarini, baadhi ya watu walianza kumtazama baba kwa jicho la pembeni. Gari la mtu mmoja, katika kijiji cha kila kitu cha wote! Kwenye mkutano baba alisimama akasema maneno machache tu: "Kanga ni langu kulilisha. Akiugua mtu, ni la kijiji." Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena. Kanga lilipandisha wagonjwa wengi hospitali ya juu mlimani, na baba hakuwahi kumwomba mtu chochote.

Kulilisha ndiko kulikokuwa kazi. Injini ya Kanga ilitengenezwa kwa petroli ya supa, na huku kwetu ilikuwa inaletwa petroli ya kawaida tu, tena kwa shida. Siku moja, nikiwa na miaka kama tisa, nilimuuliza baba kama petroli si petroli tu. Alicheka, akaniweka juu ya kibao kando ya boneti iliyo wazi. Akaniambia kwamba ndani ya injini petroli inabanwa sana, kisha ndiyo inapewa cheche. "Ile ya kawaida ina pupa, Ruthi. Kanga linabana kwa nguvu, sasa ile ukiibana hivyo inalipuka yenyewe kabla haijaambiwa. Supa ina subira. Unaibana, unaibana, inangoja." Halafu akaniendesha mpaka kwenye tuta la reli akiwa ametia ya kawaida kidogo makusudi, akakanyaga mafuta kwenye mwinuko. "Unasikia?" Nikasikia zile punje kikaangoni. "Hiyo ndiyo kugonga. Kila punje unayoisikia ni nyundo kwenye kichwa cha pistoni. Gari likigonga hivyo mlima mzima, linanoki, injini inakufa, basi tena."

Baba alikuwa na masikio ambayo sijapata kuyaona kwa mtu mwingine. Watu walimletea pampu ya maji, pikipiki ya padri, hata cherehani. Hakuanza kwa kufungua. Alifumba macho, akainamisha kichwa upande, akasikiliza, halafu akasema ugonjwa uko wapi. Mama alikuwa akimtania kwamba anasikia mpaka chungu kinachotaka kupasuka. Mimi nilijivunia masikio yale kuliko nilivyojivunia Kanga.

Kwa ajili ya mlima wa Kilimatinde, baba aliweka debe moja la supa stoo, limefungwa kifuniko kwa waya. Rafiki yake dereva wa lori alikuwa akimletea kutoka Dodoma. Safari za bondeni, kwenda shamba la kijiji au stesheni, Kanga lilikwenda na petroli yoyote, baba akiliendesha kwa upole. Debe lile lilikuwa la mlima, na mlima maana yake mgonjwa. Sisi watoto tulikatazwa kuligusa, na hakuna aliyeligusa, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kukataza ovyo.

Mwaka wa mkasa wenyewe mimi nilikuwa darasa la tano. Mkuu wa wilaya alikuwa anatarajiwa kuja kukagua kijiji, na mwalimu wetu alikuwa amechagua watoto wanane wa kusema ngonjera mbele yake. Mimi nilikuwa wa pili. Nilikuwa na beti sita, nilizisema nikienda kisimani, nilizisema nikilala. Mazoezi yalikuwa jioni, na mwalimu alisema atakayechelewa mara mbili nafasi yake atapewa mwingine. Aliyekuwa akiisubiri nafasi yangu ni Foibe, ambaye alikuwa na sauti nzuri kunizidi na nadhani alijua.

Ndipo petroli ikakatika. Mashine ya kusaga ya kijiji, ambayo injini yake ndogo ilikuwa ya petroli, ikanyamaza. Mama zetu walirudia mawe ya kusagia, na sisi mabinti pamoja nao. Uwele unasagwa kwa kupiga magoti, unasukuma jiwe mbele na nyuma mpaka kiuno kinakufa ganzi. Siku ya kwanza nilichelewa mazoezi. Mwalimu akanyanyua kidole kimoja. Foibe akatazama pembeni.

Baba hakuwapo. Alikuwa amekwenda na wanaume wengine siku nne kufyeka shamba jipya la kijiji. Mchana wa siku iliyofuata, mama akiwa kisimani, nilichukua ufunguo wake msumarini, nikaingia stoo, nikakunjua waya wa lile debe kuangalia kama limejaa, nikaukunja tena. Nikajitwisha. Nilikuwa nimezoea kubeba maji, na petroli ni nyepesi kuliko maji. Nakumbuka harufu yake ikinishukia usoni, kali na tamu, na jua likiniwakia, na mimi nikipita nyuma ya nyumba ili nisikutane na mtu.

Mwendesha mashine alikuwa Ndahani, kijana mpole aliyekuwa anasubiri kuitwa kazi ya reli Itigi. Nilimkuta amelala kivulini kwa kukosa shughuli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Ruthi. Umebeba nini hicho?"

"Petroli. Baba kasema mtumie, akina mama wasage. Ikija ya kijiji utamrudishia."

Akakaa. "Yeremia kasema nitumie supa yake?"

"Kasema. Na kasema usimtangaze, maana watu watasema anatafuta sifa."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mtoto wa miaka kumi na moja nilikuwa nimeyasikia malumbano ya wakubwa mpaka nikajua ni uongo gani utaaminika. Ndahani alitikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Baba yako ni mtu," akamimina. Jioni ile mashine ililia kijiji kizima, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikafika mazoezi wa kwanza.

Siku mbili baadaye lori lilileta petroli ya kijiji, ile ya kawaida. Ndahani, mtu mwaminifu, alilijaza debe mpaka juu, akanipa. "Mwambie baba ahsante." Nililirudisha stoo kwa ufunguo uleule, nikafunga waya mizunguko ileile, nikaliweka mahali palepale penye alama yake vumbini. Nililitazama. Lilikuwa debe lilelile, lina petroli, limejaa. Nilijiambia kwamba hakuna kilichopotea. Lakini mnajua kwamba nilikuwa nimefundishwa, juu ya kibao, kando ya boneti. Nilijua tofauti. Nilichofanya ni kuacha kuifikiria. Ndahani aliondoka kesho yake kwenda Itigi, kazi imepatikana, na hakurudi kuishi kwetu.

Baba alirudi Ijumaa. Nilikusudia kumwambia. Siku ya ngonjera ikafika, nikasema beti zangu zote bila kukosea, mkuu wa wilaya akapiga makofi na baba akasimama kabisa kwenye kiti chake ili anione. Basi ningemwambiaje siku hiyo? Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake, mchana, shangazi Eliza akazidiwa.

Shangazi Eliza alikuwa mdogo wake baba, wa pekee aliyebaki hai. Alikuwa amekaa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto, na maneno aliyoyavumilia yanajaza kapu. Hatimaye akashika mimba, na baba alikuwa akimpelekea asali na maziwa kama mwali. Uchungu ulimwanza jana yake usiku, na ilipofika saa sita mchana mkunga alitoka nje akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Mpandishe mlimani, Yeremia. Hapa mimi nimefika mwisho."

Baba alikimbia stoo. Nilimwona akitoka na debe, akimimina supa yake kwenye tangi la Kanga kwa uangalifu, hata tone lisimwagike. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Mama akaniita niingie nyuma nimshike shangazi kichwa, kwa sababu yeye atakuwa anamshika miguu. Shangazi alinitazama, jasho likimtiririka, akajaribu kutabasamu. "Mbukwa, mama," akaniamkia kwa Kigogo, kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Ilikuwa miezi ile ya joto kabla ya mvua, ardhi imepasuka na upepo ni wa tanuri. Bondeni Kanga lilikwenda vizuri. Barabara ilipoanza kuinuka, baba akabadili gia, akakanyaga mafuta, nami nikaisikia. Punje moja moja kwanza. Kisha mtama mzima ukamwagika kikaangoni.

Niliona shingo ya baba ikikakamaa. Alipunguza mafuta, sauti ikapungua, lakini na gari nalo likapungua mwendo, na shangazi akapiga ukelele. Akakanyaga tena. Kugonga kukarudi. Kwenye kona ya kwanza alisimamisha gari, akashuka, akafungua boneti. Akainamisha kichwa upande kama kawaida yake, macho yamefumbwa, na mvuke ukampiga usoni. Halafu akaja dirishani kwetu. Alimtazama mama, kisha mimi.

"Hili linagonga," alisema. "Linagonga kama limetiwa ya kawaida. Kuna mtu aliligusa debe?"

Mama akasema, "Nani aligusa? Ufunguo wa stoo tunao wewe na mimi tu."

"Ruthi?"

Kichwa cha shangazi kilikuwa mapajani pangu. Nilihisi uzito wake. Nilisema, "Hapana, baba."

Akanitazama kidogo zaidi. Macho yake hayakuwa ya ukali, hilo naapa. Kisha akashusha pumzi. "Basi ni masikio yangu," akasema. "Itakuwa ni tapeti za valvu ndizo zinazolia, nilizikaza juzi." Akafunga boneti, akaingia, akaendesha kama mtu anayeamini kwamba amemimina supa.

Tulipita kona tatu. Kwenye ya nne kukasikika mlio mmoja mzito, kama mtu amepiga sufuria na mchi, moshi wa buluu ukafuka, na Kanga likasimama. Halikuwaka tena. Wachungaji wawili waliokuwa wakinywesha ng'ombe karibu na pale walikuja mbio, wakakata miti, wakafunga mashuka yao, wakatengeneza machela. Baba alishika mbele, wachungaji nyuma, na mama akawa anatembea pembeni akimpepea wifi yake kwa khanga. Mimi nilibeba beseni. Kutoka pale mpaka hospitali tulitembea muda mrefu, jua likiwa utosini tunaanza, limelala juu ya mlima tunafika.

Shangazi alipona. Mtoto, wa kiume, alitoka akiwa hana pumzi. Waliwafanyia yote waliyoweza pale, na muuguzi mmoja mama mtu mzima alilia pamoja nasi. Shangazi hakupata mtoto mwingine.

Baada ya wiki fundi alitoka Manyoni akafungua injini palepale barabarani. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka chakula. Alimwonyesha baba pistoni, ina tundu la kupitisha kidole gumba, kingo zimeyeyuka.

"Hii imetobolewa na kugonga," fundi alisema. "Ulitia petroli gani?"

"Supa."

"Una hakika?"

"Niliimimina mwenyewe."

Fundi akafuta mikono, akatafuta maneno ya adabu. "Basi labda taimingi ya cheche uliiweka vibaya, mzee. Au hukusikia mapema."

Baba alitikisa kichwa kukubali. "Sikusikia mapema," alisema. Alikuwa amesikia kabla ya mtu yeyote. Nilisimama pale na bakuli la mlenda mkononi, nikamwacha aseme.

Hakuna aliyemlaumu. Kijiji kilimpa pole, shemeji yake, mume wa shangazi, alimpa pole. Lakini mtu alipomletea pampu iliyogoma, baba alimwambia, "Mpelekee mwingine. Masikio yangu yameharibika." Walidhani ni huzuni, itapita. Haikupita. Alirudisha spana zake kwenye gunia, akashika jembe kama wengine, na sikumwona tena akiinamisha kichwa upande kusikiliza kitu. Kanga liliburutwa na ng'ombe mpaka uani kwetu, kuku wakataga humo. Shangazi alipokuja kututembelea, baba alimsalimia akiangalia chini, na akamwahi kwa kigoda, kwa maji, kwa chochote kile, asije akabaki naye wawili tu.

Mimi niliendelea kusema nitamwambia kesho. Nikamaliza shule, nikaenda chuo cha ualimu, nikaolewa. Kila likizo nilirudi na nia, nikamkuta anapalilia, nikapiga magoti nikamwamkia, tukaongea habari za mvua. Alifariki kwa homa nikiwa nafundisha Kiomboi. Nilifika jioni ya mazishi.

Nilikuja kumwambia shangazi Eliza peke yake, miaka mingi baadaye, alipokuwa mzee na amekuja kukaa kwangu kutibiwa macho. Nilimweleza yote tangu ngonjera mpaka tundu la pistoni. Alikuwa akipapasa pindo la khanga yake. Nilitegemea anilaani, na kusema kweli ningeshukuru.

"Mtoto yule," alisema mwishowe, "Mungu ndiye anajua. Pengine hata tungefika mapema. Pengine alikuwa amekwisha. Hilo nililiacha zamani." Akaliachia pindo. "Lakini kaka yangu, Ruthi! Miaka yote ile mtu ananikimbia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilidhani ananichukia kwa sababu nililiua gari lake. Mngenipa neno moja tu, ningemshika mkono."

Mwaka huohuo nilimuuliza fundi mmoja hapa mjini, kama mtu anayeuliza tu, dereva afanye nini akigundua mlimani kwamba katiwa petroli dhaifu. Akasema si kazi kubwa. Unalegeza boliti moja ya distributa, ile inayogawa cheche, unaizungusha kidogo ili cheche ichelewe, unapanda taratibu kwa gia ndogo. Gari litalalamika, litachelewa, lakini litafika. "Dakika mbili, mama," alisema. "Mradi tu ujue kilichomo tangini."

Kwa miaka yote nilikuwa nimekumbuka swali lile la baba dirishani kama swali la hakimu, anatafuta mkosaji amwadhibu. Ndivyo nilivyolisikia kwa masikio ya mtoto, na ndiyo maana nilikataa. Siku ile kwa fundi ndipo nilipolielewa. Baba hakuwa anamtafuta mkosaji. Alikuwa na dada yake ndani ya gari na mlima mbele yake, na alikuwa anataka kujua afanye nini. Alikuwa tayari kuniamini mimi kuliko masikio yake mwenyewe. Akaniamini.